Nani Mwenye Kitabu? Wanawake Watunzi wa Riwaya Uingereza, 1778–1826

Jioni hii tutakaa na wanawake waliofariki zamani katika nchi ya mbali, ambao baadhi yetu tumewasoma kwa ajili ya mtihani na wengine tumewafahamu kwa njia ya filamu tu.

Niseme mapema nililojia. Sikuja kuwasifu watunzi hawa kwa kuwa walikuwa wanawake, wala sikuja kusimulia nani aliolewa na nani mwishoni mwa kitabu gani. Nimekuja na swali moja. Katika Uingereza ya wakati ule, mwanamke alipomaliza kuandika kitabu, kitabu hicho kilikuwa mali ya nani? Dai langu ni kwamba tukilifuata swali hili hatua kwa hatua, tukatazama jina lililochapwa mbele, fedha zilizolipwa na sheria iliyoamua fedha hizo ziende kwa nani, tutazisoma riwaya zenyewe kwa jicho jingine. Maana wenyewe walilijua swali hilo vizuri, na wakaliandika ndani ya hadithi zao.

Kuhusu kipindi, nitakuwa mfupi. Wafalme wanne walioitwa George walitawala Uingereza mfululizo kuanzia 1714 hadi 1830. Mimi nashughulika na sehemu ya mwisho, tangu Evelina ya Frances Burney mwaka 1778 hadi The Last Man ya Mary Shelley mwaka 1826. Ndiyo miaka ambayo Uingereza ilipoteza makoloni yake ya Marekani, ikapigana na Ufaransa ya mapinduzi na kisha na Napoleon, na mwaka 1807 ikapiga marufuku biashara ya watumwa huku utumwa wenyewe ukiendelea katika visiwa vyake vya Karibiani. Wapenzi wa ushairi mtapata kipimo cha wakati nikiwaambia kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa karibu rika moja na Jane Austen.

Wala watunzi hawa hawakuwa wachache waliojipenyeza kwenye kazi ya wanaume. Katika muongo wa 1810, riwaya mpya za wanawake zilizidi za wanaume. Soko lilikuwa lao kwa kalamu. Tuone lilikuwa la nani kwa mali.

Hoja ya kwanza: jina

Januari 1778 ilitoka London riwaya ya juzuu tatu, Evelina, isiyo na jina la mwandishi. Aliyeiandika ni Frances Burney, binti wa miaka 25 aliyeishi kwa baba yake, Charles Burney, mwanamuziki na mwanahistoria wa muziki. Frances ndiye aliyekuwa karani wa baba yake, akimnakilia miswada. Akahofu kwamba mafundi wa matbaa wangeutambua mwandiko wake, basi akaiandika upya riwaya nzima kwa mwandiko wa kubuni, usiku, wengine wakiwa wamelala. Mdogo wake wa kiume akavaa nguo za kujificha na kumpelekea mchapishaji, Thomas Lowndes, mswada huo. Majibu yalipokelewa kwenye mkahawa, kwa jina la uongo.

Kwa nini hofu yote hiyo? Msichana wa tabaka lile aliyejulikana kuwa anaandika riwaya alijiweka midomoni mwa watu. Mama wa kambo wa Frances hakuipenda tabia hiyo ya kuandika, na Frances alipotimiza miaka 15 aliwasha moto akachoma kila alichokuwa ameandika, pamoja na riwaya nzima iliyomhusu mwanamke aitwaye Caroline Evelyn. Lakini mtu aliyemchoma kwenye karatasi hakumtoka kichwani. Evelina ni hadithi ya binti wa Caroline Evelyn yule yule.

Sasa tazameni hadithi inavyokwenda. Evelina ni msichana ambaye baba yake, mtu mwenye cheo, ameikana ndoa yake na mama yake. Hivyo binti anaingia katika jamii ya London bila jina la baba, na kila anayekutana naye anauliza: huyu ni wa nani? Mwandishi asiyetaja jina lake anaandika juu ya msichana asiye na jina. Sidhani hilo lilitokea kwa bahati. Burney alijua mwanamke hupimwa kwa jina la mwanamume aliye nyuma yake, na alilijua hilo akiwa ameketi ndani ya nyumba ya mwanamume mwenye jina kubwa.

Jane Austen alifuata njia ya kimya. Sense and Sensibility ya 1811 ilisema tu kwamba imeandikwa na mwanamke wa heshima. Pride and Prejudice ya 1813 ikasema ni ya mwandishi wa Sense and Sensibility, na kadhalika. Hakuna hata kitabu kimoja kilichobeba jina lake akiwa hai. Alifariki Winchester tarehe 18 Julai 1817, akazikwa katika kanisa kuu la mji huo, na maandishi ya kaburi lake yanasifu tabia, akili na imani yake bila kutaja kwamba aliwahi kuandika riwaya. Kaka yake Henry ndiye aliyewatangazia wasomaji rasmi jina la mwandishi, katika maelezo mafupi yaliyochapwa pamoja na riwaya mbili zilizotoka baada ya kifo chake.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Mary Shelley. Frankenstein ilitoka tarehe 1 Januari 1818, nakala 500 tu, bila jina. Dibaji iliandikwa na mumewe, mshairi Percy Shelley, na kitabu kilitabarukiwa baba yake Mary, William Godwin. Basi wasomaji wengi wakadhani mwandishi ni Percy. Hata Walter Scott, mhakiki mwenye jicho kali, alielekea huko. Mary alikuwa ameanza kuiandika akiwa na miaka 18. Jina lake lilichapwa mwaka 1823, baada ya hadithi kuchezwa jukwaani London na kuwavutia watu wengi. Percy alikuwa ameshakufa maji mwaka 1822, na Mary amebaki mjane mwenye mtoto mdogo, akitegemea posho ya baba mkwe, Sir Timothy Shelley, ambaye hakutaka jina la ukoo wake lionekane magazetini. The Last Man ilipotoka 1826 ikasema tu kwamba ni ya mwandishi wa Frankenstein. Wahakiki wakalitaja jina hata hivyo, na mzee akasimamisha posho. Mwanamke huyu alikuwa analipwa ili anyamaze kuhusu jina alilolipata kwa ndoa.

Lakini wapo waliolitumia jina kama mali. Charlotte Smith alichapa jina lake wazi, kwa sababu lilikuwa limeshapendwa kutokana na soneti zake. Ann Radcliffe alianza bila jina, na alipoona The Romance of the Forest ya 1791 imepokelewa vizuri, akaliweka kwenye toleo la pili. Kuficha jina na kuliweka zote zilikuwa hesabu. Aliyeificha sura yake alilinda heshima ya nyumba, na aliyeionesha alitaka bei ipande.

Hoja ya pili: bei

Vijana mnaoandika, hapa naomba masikio yenu.

Njia kuu za kuuza kitabu zilikuwa tatu. Mwandishi aliweza kuuza hakimiliki yote kwa mkupuo, akapokea fedha mkononi na kuagana na kitabu, hata kikichapwa mara kumi. Aliweza kuandikisha wanunuzi kabla ya kuchapa, kila mmoja akitoa fedha mapema na jina lake kuwekwa kwenye orodha mwanzoni mwa kitabu. Au aliweza kukubaliana na mchapishaji kwamba gharama zisiporudi mwandishi atalipa, na zikirudi faida ni yake baada ya mchapishaji kukata ada yake.

Burney aliuza Evelina kwa gini 20, yaani paundi 21. Ikachapwa tena na tena, Samuel Johnson akaisifu, mji mzima ukaisoma, na fedha zile zote zikaenda kwa Lowndes. Miaka minne baadaye akauza Cecilia kwa paundi 250. Alikuwa amejifunza, ila bado alikuwa akiuza kwa mkupuo. Kisha akaajiriwa kwa Malkia Charlotte, kazi ya kumhudumia mavazini, akadhoofika kwa miaka mitano hadi alipoachiwa mwaka 1791. Mwaka 1793 akaolewa na Alexandre d'Arblay, Mfaransa mkimbizi asiye na mali. Nyumba ya hao wawili ilihitaji fedha, na mwenye uwezo wa kuzitafuta alikuwa mke. Kwa Camilla ya 1796 akatumia njia ya pili: zaidi ya watu 1,000 walijiandikisha, kila mmoja kwa gini moja, halafu akaiuza hakimiliki juu yake. Jumla ilifika karibu paundi 2,000. Kwa fedha hizo wakajenga nyumba huko Surrey, na watu wao wakaiita kwa jina la riwaya. Kutoka gini 20 hadi nyumba nzima, ndani ya miaka 18: hiyo ni elimu ya biashara ambayo hakuna aliyemfundisha.

Katika orodha ya walioandikishwa kununua Camilla limo jina la binti mmoja wa mchungaji kutoka kijiji cha Steventon. Alikuwa na miaka 20. Jina lake Jane Austen.

Austen huyo alikuja kupata mapato madogo kwa kiasi ambacho msomaji wa leo huona shida kuamini. Mwaka 1797 baba yake alimwandikia mchapishaji Cadell kuhusu riwaya yake, na jibu la kukataa likarudi kwa posta iliyofuata, bila mswada kusomwa. Mwaka 1803 akauza riwaya nyingine, iliyoitwa Susan, kwa paundi 10 kwa kampuni ya Crosby ya London. Crosby akaitangaza kisha akaiweka kabatini. Miaka sita ikapita. Aprili 1809 Austen akaandika barua kwa jina la bandia, akiuliza kulikoni na kusema kwamba ikiwa mswada umepotea yuko tayari kuwapa mwingine. Akajibiwa kwamba akitaka mswada wake arudishe zile paundi 10, na akijaribu kuuchapa kwingine watamzuia. Kwa mwanamke asiye na kipato, paundi 10 zilikuwa ukuta. Ilibidi asubiri hadi 1816, na ndipo kaka yake akaununua. Masimulizi ya familia yanasema Crosby aliambiwa baada ya mapatano kwamba ameachia kitabu cha mwandishi wa Pride and Prejudice. Kitabu hicho ndicho Northanger Abbey, na Austen hakuishi kukiona kimechapwa.

Sense and Sensibility aliitoa kwa njia ya tatu, akibeba hatari mwenyewe, na toleo la kwanza likampa paundi 140. Ajabu ni kwamba kitabu kilichofuata, ambacho kingemletea faida kubwa kuliko vyote, alikiuza kwa mkupuo. Pride and Prejudice aliitakia paundi 150 akakubali 110. Baadaye mchapishaji John Murray akampa ofa ya paundi 450 kwa hakimiliki za riwaya tatu pamoja, Emma ikiwamo. Akakataa, kwa kuona ni ndogo, akachapa Emma kwa hatari yake mwenyewe. Emma ikapata faida ya zaidi ya paundi 200, lakini Murray alikuwa ametoa pia toleo la pili la riwaya yake nyingine, Mansfield Park, ambalo halikununuliwa vizuri, na hasara yake ikakatwa kwenye faida ya Emma. Mkononi zikabaki paundi 38 na shilingi kadhaa. Mapato yake yote ya uandishi akiwa hai hayakufika paundi 700.

Sasa pimeni: mwaka 1814 Maria Edgeworth alipata paundi 2,100 kwa riwaya moja, Patronage. Ann Radcliffe alikuwa amelipwa paundi 500 kwa The Mysteries of Udolpho mwaka 1794 na 800 kwa The Italian mwaka 1797, wakati ambapo mtunzi wa kawaida alishukuru kwa paundi 10 au 20. Ubora wa kitabu na bei yake havikuwa na mkataba baina yao, na nasema hivyo bila kumdharau Edgeworth, ambaye nitamrudia.

Soko lenyewe liliendeshwa na maktaba za kukodisha. Pride and Prejudice iliuzwa shilingi 18, zaidi ya ujira wa wiki nzima wa kibarua wa shambani. Kwa hiyo watu hawakununua, walilipa ada ya mwaka na kuazima. Riwaya ya juzuu tatu iliipendeza maktaba kwa sababu wasomaji watatu waliweza kuwa nayo kwa wakati mmoja, kila mmoja na juzuu yake. William Lane wa mtaa wa Leadenhall, London, alikuwa na maktaba na matbaa pia, Minerva Press, akichapa riwaya za wanawake kwa makumi na kuzipeleka katika maktaba ndogo za miji ya mikoani. Wanawake waliandika, wanawake walisoma, na katikati alisimama Lane na daftari lake.

Hoja ya tatu: mume na sheria

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo roho ya jambo ilipo.

Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, mwanamke akiolewa, nafsi yake kisheria ilimezwa na ya mumewe. Fedha alizopata zilikuwa za mume, isipokuwa kama ndugu zake walikuwa wameandika hati maalumu ya kuzilinda kabla ya ndoa. Sheria hiyo haikuanza kulegezwa hadi 1870. Hivyo hata zile paundi 800 za Radcliffe, kwa sheria, zilikuwa za mume wake. Bahati yake ni kwamba William Radcliffe, mhariri wa gazeti, alikuwa mtu mwema aliyemhimiza aandike.

Charlotte Smith hakuwa na bahati hiyo. Aliozwa akiwa na miaka 15 kwa Benjamin Smith, mtoto wa mfanyabiashara tajiri wa bidhaa za visiwa vya Karibiani. Akazaa watoto 12. Mume alikuwa mbadhirifu. Baba mkwe, Richard Smith, aliona hatari hiyo, akaandika wosia wa kuwalinda wajukuu. Ila aliuandika mwenyewe bila mwanasheria, kwa vifungu vilivyogongana, akafariki mwaka 1776. Wanasheria wakaanza kubishana juu ya wosia ule. Shauri likamalizika mwaka 1813, miaka saba baada ya Charlotte mwenyewe kuzikwa.

Benjamin alifungwa katika gereza la wadeni London mwishoni mwa 1783, na mkewe akakaa naye humo kwa muda. Humo humo akaandaa Elegiac Sonnets, iliyochapwa 1784. Ushairi huo ukamlipia njia ya kutoka gerezani. Mwaka 1787 akamwacha mume na kuondoka na watoto, na kuanzia hapo kalamu yake ndiyo iliyolisha nyumba: Emmeline mwaka 1788, kisha karibu riwaya kila mwaka kwa miaka kumi. Lakini kutengana hakukuvunja ndoa. Kisheria Benjamin alibaki na haki ya kudai kila paundi ambayo wachapishaji walimlipa mke wake. Fikirini hali hiyo. Mama anaandika usiku ili alipie shule na nguo, huku kazi yake ni mali ya mume ambaye yeye alimkimbia.

Alifanya nini? Aliiandika. Ndani ya Emmeline yumo Bi. Stafford, mwanamke mwenye akili aliyefungiwa kwenye ndoa na mume anayeporomosha mali. Ndani ya The Banished Man ya 1794 yumo Bi. Denzil, mwandishi anayesumbuliwa na wadai upande mmoja na wauza vitabu upande wa pili. The Old Manor House ya 1793, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zake zote, inazunguka wosia uliofichwa na nyumba kubwa isiyojulikana itarithiwa na nani. Wahakiki walimlaumu kwamba anatia masaibu yake binafsi katika riwaya. Mimi naona alikuwa akifanya kazi ambayo mahakama iligoma kuifanya: alikuwa anasikiliza ushahidi. Na hakuwa mwoga. Desmond ya 1792 ilipoonesha huruma kwa mapinduzi ya Ufaransa, mchapishaji wake wa siku zote akaikataa, naye akaipeleka kwa mwingine.

Mary Wollstonecraft alikwenda mbali zaidi yake. Riwaya yake ya mwisho inaanza mwanamke aitwaye Maria akiwa ndani ya nyumba ya wendawazimu, na mwenye wazimu si yeye. Mume amemfungia humo na kumnyang'anya mtoto ili aipate mali yake. Kila kosa analotendewa Maria katika kitabu kile lilikuwa halali mbele ya sheria au lilifumbiwa macho nayo, na ndiyo maana linatisha kuliko majumba yote ya mizimu ya Radcliffe. Wollstonecraft hakukimaliza. Alifariki Septemba 1797, siku chache baada ya kujifungua binti, na binti huyo ndiye aliyekuja kuandika Frankenstein. Mumewe, Godwin, alikichapa kama kilivyo mwaka 1798, na mwaka huo huo akachapa maisha ya marehemu kwa uwazi uliowafanya watu wamtukane kaburini kwa miaka mingi.

Hoja ya nne: fedha za nyumba zilitoka wapi

Tukiuliza nani mwenye kitabu, haki inatutaka tuulize pia nani aliyelipia nyumba ambamo kitabu kiliandikwa. Mirathi ambayo Charlotte Smith aliililia maisha yake yote ilitokana kwa sehemu na mashamba ya Barbados, na mashamba hayo yalilimwa na Waafrika walionunuliwa. Aliyedhulumiwa na sheria alikuwa anadai haki yake kutoka katika dhuluma kubwa zaidi. Nayasema haya pamoja na mapenzi niliyo nayo kwake, kwa kuwa mapenzi yasiyotazama hapo ni pungufu.

Katika Mansfield Park ya 1814, Sir Thomas Bertram anasafiri kwenda Antigua kuangalia mali yake, na aliporudi, Fanny Price, mpwa maskini anayelelewa kwa hisani, anamuuliza kuhusu biashara ya watumwa. Familia inakaa kimya. Mhakiki Edward Said aliufanyia uhusiano huo na Antigua uchambuzi maarufu mwaka 1993, na tangu hapo wasomi hawajaacha kubishana juu ya ukimya huo. Maoni yangu ni kwamba Austen aliuweka makusudi. Aliyeuliza swali lile ni mtu wa chini kuliko wote waliokuwapo.

Mwaka 1808 ilitoka riwaya isiyo na jina la mtunzi, The Woman of Colour. Mhusika mkuu ni Olivia Fairfield, binti wa mwenye shamba wa Jamaica na mwanamke mtumwa, anayepelekwa Uingereza kuolewa kwa masharti ya wosia wa baba. Mwanamke mweusi anaandika barua, anawatazama Waingereza na kuwahukumu. Nasikitika sana kwamba kitabu hiki hakikupata nafasi katika mafunzo yetu ya fasihi.

Na Maria Edgeworth, niliyeahidi kumrudia. Castle Rackrent ya 1800 ilimpa mtumishi wa Ireland, Thady, nafasi ya kusimulia anguko la mabwana zake kwa lugha yake mwenyewe, na Scott alikiri hadharani kwamba riwaya zake za Uskoti zilifuata mfano wa mwanamke huyu. Mwaka uliofuata akatoa Belinda. Katika toleo hilo la 1801, Juba, mtumishi mweusi kutoka Karibiani, anamwoa Lucy, msichana wa Kiingereza wa shambani. Ndoa inapita kwa furaha, bila kelele. Toleo la 1810 lilipoandaliwa, ndoa hiyo ikafutwa. Mahali pa Juba pakawekwa mwanamume mwingine, Mwingereza. Edgeworth aliieleza hatua hiyo kwa kumtaja baba yake, ambaye aliona wasomaji watachukizwa na ndoa ya namna hiyo. Ndipo tunaposhika kwa mkono jibu la swali letu: mwandishi aliyelipwa kuliko karibu wote wa zama zake, mwenye jina, asiye na mume, hakuweza kumlinda mhusika wake mweusi dhidi ya ushauri wa mzee wa nyumba na hofu ya soko.

Hoja ya tano: kusahauliwa

Hii naipitia upesi, kwa sababu Mwenyekiti ananionesha saa.

Mwaka 1810 Anna Laetitia Barbauld alihariri mkusanyo wa juzuu 50 wa riwaya za Uingereza, na akawaweka humo Burney, Smith, Radcliffe, Inchbald, Edgeworth na wanawake wengine bega kwa bega na wanaume. Miaka kumi na kitu baadaye, kati ya 1821 na 1824, ukatoka Edinburgh mkusanyo wa Ballantyne wenye dibaji za Scott. Wanawake waliobaki ni wawili, Clara Reeve na Radcliffe. Scott hakuwa adui. Alikuwa ameiandikia Emma tahakiki nzuri. Lakini mkusanyo unapopunguza majina, walimu wanaofuata nao hupunguza.

Matokeo yake mnayajua. Ndani ya Northanger Abbey zimetajwa riwaya saba za kutisha, na kwa muda mrefu wasomaji waliamini Austen alizibuni kwa mzaha. Katika karne ya 20 nakala zilipotafutwa, zote saba zilikuwa vitabu vya kweli, na nne kati yake zilitoka mikononi mwa Eliza Parsons, Regina Maria Roche na Eleanor Sleath. Wanawake hawa walisahauliwa kiasi cha kudhaniwa kuwa utani wa mwenzao.

Sasa niseme tunakwenda wapi.

Mwaka 2028 Evelina itatimiza miaka 250. Naomba mwaka huo usipite bila Kiswahili kuwa na tafsiri kamili ya riwaya hiyo. Ni barua tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wasomaji wetu wanaipenda hadithi ya barua. Nawaomba pia wale wa idara za tafsiri mlioko hapa mgawane kazi: mmoja achukue The Old Manor House, mwingine Castle Rackrent, ambayo ni fupi na Thady wake atazungumza vizuri sana akipata mfasiri aliyekulia miongoni mwa wasimulizi wazee. The Woman of Colour ikabidhiwe kwa mtu atakayeipa dibaji ya maana. Na Belinda ifasiriwe kutoka toleo la 1801, si la 1810, ili Juba aoe.

Hakimiliki za vitabu hivi vyote zimekwisha siku nyingi. Hakuna wa kuombwa ruhusa wala wa kulipwa isipokuwa mfasiri mwenyewe, na mkataba wa mfasiri huyo ningependa tuuandike pamoja, kifungu kwa kifungu, kabla neno la kwanza halijafasiriwa. Walio tayari kuanza waandike majina yao kwenye daftari lililoko mlangoni. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali. Nimemwona dada wa safu ya tatu akinyoosha mkono tangu nilipomtaja Crosby, naomba apewe nafasi ya kwanza.